Siku Nilipovaa Utepe wa Bibi

Ukitukuta mezani asubuhi, ungesema sisi ni dada watatu tunaogombania kioo kimoja. Bibi, mama na mimi tulikuwa na paji lile lile, mwanya ule ule, na shingo ndefu ambayo kola za mashati ya dukani haziifikii. Bibi alikuwa ameshapita karne na ushee. Mama alikuwa na sabini na kitu. Mimi nilikuwa nakaribia kumi na nane. Kwa macho ya mpita njia, tungeweza kukaa darasa moja.

Ndiyo maana watu wote walivaa utepe kwenye kifundo cha mkono. Kijani ni kijana, kisha njano, kisha bluu, na mwekundu ni wa waliopita miaka mia. Bila utepe usingejua nani wa kumwamkia, kwa hiyo ulimtazama mtu mkononi kabla ya kumtazama usoni. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote katika jengo letu na mtaa mzima. Nilitoka shikamoo, nikarudi shikamoo, kwenye ngazi shikamoo, bombani shikamoo. "Marahaba" nilikuwa sijawahi kumjibu yeyote ila paka wa jirani, na yeye hata hakuniamkia.

Watu waliniita Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu. Bibi kazini aliitwa Mwewe, kwa kuwa alishinda juu, kwenye kibanda cha winchi.

Dawa ilikuwa sindano moja kila mwaka. Ukishachomwa ya kwanza, siku unayotimiza kumi na nane, mwili unasimama pale pale ulipofika. Hakuna aliyechakaa, hakuna aliyekufa ila kwa ajali, na mtoto alizaliwa kwa kibali tu, mtu mwingine akishaondoka. Uzuri wake kila mtu aliusema. Ubaya wake tuliujua sisi wenye kijani: kila kazi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na mpango wa kuiachia. Sisi tuliitwa Akiba. Kila Akiba alipangiwa nafasi ya kusubiri, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa choo na aliyemo ndani hatoki.

Mimi nilikuwa Akiba wa winchi ya bibi, katika yadi ya mizigo ambapo treni hushusha makontena na malori huyapokea. Nyuma ya ofisi ya yadi kulikuwa na banda la mazoezi: kiti, mikono miwili ya mbao ya kuendeshea, na kamba iliyopita kwenye kapi hadi kwenye ndoo ya mchanga. Tangu nikiwa mtoto nilikaa kwenye kile kiti, nikiinua ndoo na kuishusha kwenye miraba ya chaki sakafuni. Niliweza kuishusha nimefumba macho. Winchi yenyewe sikuwahi kuipanda. Chini ya ngazi yake kulikuwa na kibao: Akiba haruhusiwi.

Jumamosi moja bibi alikuwa anashona kifungo cha ovaroli yake. Nikamwona anasogeza sindano mbali na macho, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

"Mkono wangu umekuwa mfupi," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinishika bega, akanipeleka bafuni, akafunga mlango, akafungua kitambaa cha kichwani. Juu ya masikio nywele zake zilikuwa nyeupe. Sikujua ninaangalia nini. Nilidhani ni unga, nikanyoosha mkono kuupangusa.

"Vuta," alisema. "Hazitoki. Ni zangu."

Zilikuwa ngumu kidogo, kama uzi wa brashi. 

"Nimeacha dawa tangu mwaka juzi," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Mama yako ananichoma maji ya chumvi. Mwili sasa unakimbia kudai miaka yake."

Mama alikuwa muuguzi wa kliniki ya yadi. Nafasi hiyo aliipata baada ya muuguzi wa kwanza kugongwa na behewa, na aliishika kama mtu anayevuka mto na yai. Kwamba mama huyo huyo alikuwa akifanya jambo hili kliniki mchana kweupe, chini ya picha za Baraza lililotutawala, lilinishangaza kuliko zile nywele.

"Wakikukamata je?"

"Watanipeleka Nyumba ya Kurejesha, wanichome kila siku mpaka nirudi nilivyokuwa. Lakini dawa ikishatoka yote kwenye mwili ulioanza kuzeeka haishiki tena, hata wakuchome pipa zima. Haikumshika mama yangu. Alikuwa mtu mzima wa haja ilipogunduliwa."

"Sasa bibi, kwa nini?"

Alijitazama kwenye kioo, akavuta ngozi ya pembeni mwa jicho. Palikuwa na mikunjo mitatu midogo. Siku zote nilidhani ni usingizi.

"Mama yangu alikuwa na uso ambao kila ukiutazama unakuta kitu kipya. Huu wangu nimeutazama miaka yote hii, hauna habari. Nataka kujua kinachofuata."

"Kinachofuata si kufa?"

"Hiyo ni ya mwisho kabisa. Hapa katikati kuna mambo mengi, mke mwenzangu, na hakuna aliyebaki wa kunisimulia."

Kisha akanionyesha moja moja, kama mtu anayeonyesha viatu vipya: goti linalolia akipanda ngazi, doa la kahawia mgongoni mwa mkono, udevu mmoja wa kidevuni alioupa heshima zote na kukataa kuung'oa. Mimi nikafungua mdomo nikamwonyesha gego langu la mwisho lililokuwa linaota. Tulikuwa watu wawili tu katika jengo zima ambao miili yetu ilikuwa inakwenda mahali. Tulicheka mpaka mama akagonga mlango.

Jioni hiyo waliniambia lililobaki. Mama alileta vipande vya karatasi kutoka kliniki. Unadondosha tone la damu. Dawa ikiwemo mwilini, karatasi inageuka bluu. Ya bibi ilikuwa imefifia, kama maji yaliyosuuziwa jinzi, lakini bluu ilikuwepo bado. Ilibidi afiche hali yake huku akiendelea na kazi mpaka ibaki nyeupe, na tatizo lilikuwa macho. Vya mbali aliviona vizuri kuliko sisi sote. Vya karibu vilikuwa ukungu, na ndani ya kibanda cha winchi namba ya kila kontena husomwa kwenye kioo kidogo kilicho mbele ya pua. Miwani ya kusomea haikutengenezwa tena popote, maana hakukuwa na wa kumuuzia.

"Juzi nimempelekea mtu wa saruji kontena la magodoro," bibi alisema. "Amesaini, akaenda nalo."

"Akisema anaumwa watampima," mama akasema. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Kwa hiyo tumefikiria. Mna sura moja. Mna urefu mmoja."

Nikaelewa kabla hajamaliza, nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

Jumatatu nilivaa ovaroli ya bibi, kitambaa chake, buti zake, na utepe wake mwekundu. Bibi alibaki nyumbani, pazia limefungwa. Kwenye geti la yadi, mlinzi, jitu la mabega mapana lenye utepe wa njano, alinyanyuka kwenye kiti chake na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Kidogo nimrudishie shikamoo. Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza, nikabaki natoa macho. Mlinzi akasubiri.

"Mara," nikasema. "Haba."

"Umeamka na mafua?"

"Vumbi," nikajibu, nikaondoka nimekaza mabega, kwa ndani nimepasuka kwa kicheko. Kutoka hapo hadi kwenye ngazi niliamkiwa na madereva wa malori, na wafunga minyororo, na mwanamke wa mafuta, yule wa kulainisha mitambo, aliyekuwa na umri wa mama. Nilijibu wote. Nilipofika kwa yule wa mwisho nilikuwa nimeshazoea kabisa, nikaongeza na "hujambo mwanangu."

Ngazi ilipanda ikapanda. Upepo ulikuwa na harufu ya grisi. Kibanda kilikuwa na sakafu ya kioo, na chini ya buti zangu niliona reli, mabehewa, malori yamejipanga kama meno, na watu wasio na uso, vichwa na mabega tu. Nilikaa. Mikono ya chuma ya kuendeshea ilikuwa imelika pale vidole vya bibi vilipokuwa miaka yote, na vidole vyangu vikaingia mle mle.

Redio ikakoroma. Alikuwa msimamizi wa yadi, ambaye sote tulimwita Saa Ngapi kwa sababu ndilo swali pekee alilojua. "Mwewe, treni imeingia. Saa ngapi utaanza?"

"Sasa hivi," nikasema, kwa sauti nzito ya bibi.

Nilishusha fremu ya chuma ya kushikia mizigo juu ya kontena la kwanza. Nilihisi vyuma vya pembe nne vinajifunga, klak, mpaka kwenye makalio. Nikainua. Na pale ndipo nilipojua kwamba ndoo ya mchanga ilikuwa imenidanganya, kwa sababu ndoo haina mawazo yake. Kontena lilianza kuyumba, taratibu, kama tembo anayegeuka. Nikavuta upande wa pili, likayumba zaidi. Chini, mfunga minyororo alirudi nyuma hatua kadhaa.

Nikakumbuka maneno ya bibi wakati wa kula, tangu nikiwa mdogo: mzigo ukiyumba ufuate, ukiuvuta unakasirika. Nikaacha kuvuta. Nikapeleka winchi kule kule kontena linakokwenda, nikawa juu yake kabisa, nalo likatulia. Nikalishusha kwenye lori. Halikutoa hata sauti.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimesubiri tangu utotoni kufanya kitu ambacho kikifanyika kinabaki kimefanyika. Lori liliwasha injini, likaondoka na kontena langu, likaenda kumfikia mtu. Nilipiga kelele mle ndani mpaka koo likawasha. Nilikuwa nimehakikisha kwanza redio imezimwa.

Siku zilizofuata niliruka kitandani kabla ya king'ora cha yadi. Kila jioni bibi alinisubiri nyuma ya mlango na maswali: behewa la mwisho lilikaa vipi, upepo ulitoka wapi, ile breki ya kushoto bado inabana? Nami nilimjibu huku natafuna. Kisha yeye ananiambia ya kwake: leo amelala mchana bila kukusudia, leo amesahau jina la mtaa akalikumbuka akiwa anaoga. Alisema kila kitu kama mtu aliyetoka safari. Mama alikaa kati yetu akisikiliza huku na huku, na mara moja moja alisahau kuogopa.

Kosa lilikuwa furaha. Bibi aliendesha winchi kama mtu aliyeizoea. Mimi niliiendesha kama mtu aliyeiota. Treni zilimalizika mapema, madereva wakaanza kupiga honi za shangwe, na Saa Ngapi, kwa mara ya kwanza maishani, alitazama saa akatabasamu. Mdomo nao haukukaa kimya. Niliwatania madereva redioni, nikawaimbia. "Mwewe, siku hizi umekuwa chiriku kama mjukuu wako," mmoja akasema, wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, nikaona nimevuka.

Saa Ngapi alifurahi mpaka akaipeleka habari juu, kwa Baraza. Mwendesha winchi mmoja alikuwa anafanya kazi ya wawili. Huko juu wakataka kumwona.

Jumatano, jua likiwa katikati, gari jeupe liliingia yadi na kusimama kwenye njia ya malori, mahali ambapo hakuna gari linaloruhusiwa kusimama. Alishuka mkaguzi wa Baraza. Alikuwa na uso wa mvulana wa shule na utepe mwekundu, na nyuma yake watu wawili wamebeba sanduku la barafu. Niliona kila kitu kupitia sakafu ya kioo. Kontena lilikuwa limening'inia chini yangu, katikati ya behewa na lori.

Redio ikaita. "Mwewe," alisema Saa Ngapi, sauti imekauka. "Mkaguzi amefika. Anataka kukupongeza, na wafanyakazi wote watachomwa sindano ya mwaka huu leo hii hapa uwanjani, yeye mwenyewe akishuhudia. Shuka."

 Nikishuka, wangenichoma mimi. Sindano moja, na mwili wangu ungesimama pale, gego limetoka nusu. Na bibi wangemkuta kabla ya jioni.

Kisha nikasikia sauti ya mama. Alikuwa amechukua redio, amesimama pembeni ya mkaguzi na koti lake jeupe.

"Shikamoo, mama," mama yangu aliniambia.

Nikabonyeza redio. "Marahaba, mwanangu."

"Mkaguzi anasema ushuke. Lakini nimemkumbusha kanuni, mama. Mwendesha winchi haruhusiwi kutoka kibandani mzigo ukiwa hewani. Wewe kanuni unazijua kuliko sisi. Usiharakishe. Umesikia mama? Usiharakishe kabisa."

"Nimesikia, mwanangu. Na ule vizuri, umekonda."

Sikuweza kujizuia. Nikamwona mama kule chini anafunika mdomo kwa kiganja.

Nikaanza kutoharakisha. Nililipeleka kontena kuelekea lori, nikalirudisha. Nikasema pembe moja haijakaa sawa. Nikasema kuna ndege. Wafanyakazi walipanga foleni na kukunja mikono ya mashati, mmoja mmoja, na sindano ziliendelea, na kila mara mkaguzi aliinua uso kunitazama. Mwishowe akawaonyesha watu wake wawili ngazi ya winchi. Wakaanza kupanda.

Ndipo upepo ulipogeuka. Ulitoka upande wa mabohari, ukabeba vumbi na karatasi, na kontena likaanza kuyumba. Mara hii halikuwa tembo anayegeuka. Nyaya zililia, winchi yote ikatikisika, na wale wawili wakakumbatia ngazi na kubaki hapo. Nikafuata mzigo, lakini vumbi lilikuwa limeziba sakafu ya kioo. Sikuona lori. Sikuona watu. Nilichojua ni kwamba chini yangu kulikuwa na foleni ya binadamu na gari jeupe mahali pasipo pake.

"Ondokeni chini," nikapiga kelele redioni, kwa sauti yangu mwenyewe sasa. "Ondokeni wote, sioni."

Redio ilikoroma, zikasikika sauti tatu kwa pamoja, kisha moja.

"Tulia, Chiriku. Mimi naona."

Alikuwa bibi. Baadaye waliniambia jinsi ilivyokuwa. Dirisha la jikoni kwetu lilitazama yadi, na bibi, akichungulia nyuma ya pazia, aliona mzigo umening'inia muda ambao hakuna mzigo unapaswa kuning'inia. Upepo ulipogeuka hakungoja. Alitoka mbio kwa goti lake bovu, kichwa wazi, akapita getini kwa mlinzi aliyebaki ameshika kofia, akavuka yadi nzima na zile nywele nyeupe, akamnyang'anya mama redio mkononi.

"Peleka kulia," alisema. "Kulia tena. Linakwenda kwenye bohari, lifuate. Usiogope mwendo wake, lifuate."

Nikalifuata. Sikuona chochote, nilisikia yeye tu, na vidole vyangu vilikuwa kwenye mashimo ya vidole vyake.

"Hapo. Lipo chini yako sasa. Linarudi, rudi nalo. Vizuri. Watu wameondoka wote. Gari la mkaguzi lipo, lakini hilo ni lake na Mungu wake. Rudi. Umelishika. Shusha nusu. Shusha. Kidogo kushoto, kama unaweka mtoto kitandani. Achia."

Klak. Vyuma vya pembe nne vikafunguka. Mzigo ulikuwa juu ya lori. Nilikaa, machozi na vumbi vinashuka pamoja, na kutoka chini, katikati ya upepo, nilisikia honi. Madereva wote walizipiga.

Nilishuka. Wale wawili walinipisha kwenye ngazi, hawakuwa na hamu tena ya kunishika. Nilipokanyaga ardhi watu walikuwa wametuzunguka, na wote walikuwa wakinitazama mimi, halafu bibi, halafu mimi. Uso mmoja mara mbili, na mmoja una mvi. Neno hilo, mvi, nililisikia likinong'onwa na watu wenye tepe nyekundu waliokuwa wakilikumbuka kutoka utotoni. Mwanamke wa mafuta alinyoosha kidole akagusa nywele za bibi, akakirudisha haraka kama amegusa pasi.

Mkaguzi hakupandisha sauti. "Mpimeni," alisema.

Mama alitoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa koti. Bibi akamnyooshea kidole. Wiki mbili bibi alikuwa amekataa kupimwa, alikuwa akiogopa kuiona ile bluu. Mama akamchoma kidole, tone likadondoka, na yadi yote ikainama juu ya kile kipande kidogo kuliko ukucha.

Tulingoja. Karatasi ililowa. Pembezoni mwa damu ilibaki nyeupe. Tukangoja tena. Ilikuwa nyeupe.

"Haishiki," mama akasema, na sauti ikampasuka katikati. "Imetoka yote. Mkimchoma mnamwaga dawa."

Mkaguzi alirudia kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasimama ameshika karatasi mbili nyeupe, na kwa mara ya kwanza ule uso wa mvulana ulilingana na hali yake. Adhabu ya kuacha dawa ilikuwa kuchomwa dawa. Hakukuwa na nyingine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika hapa.

"Na nani atafanya kazi yako?" akauliza, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Mimi nastaafu," bibi alisema.

Saa Ngapi alitazama kulia na kushoto. "Unafanya nini?"

"Nastaafu. Naacha kazi kwa kuwa nimefanya ya kutosha. Nafasi yangu iko wazi."

Watu wakaanza kuulizana hilo neno, likapita mdomo kwa mdomo mpaka nyuma ya malori. Saa Ngapi alifikiri. Treni ilikuwa reli ya kwanza, nusu imepakuliwa, na nyingine ilishapiga filimbi nje ya yadi. Alitazama saa. Alinitazama mimi.

"Akiba wa winchi ni nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Sasa unangoja nini?"

Mkaguzi alifungua mdomo kukataza, lakini honi zilianza tena, na mimi nilikuwa nimeshashika ngazi.

Sitasema mambo yote yalikuwa mazuri. Mama alifukuzwa kliniki, akarudishwa Akiba na sabini zake. Siku kadhaa hakusema na mtu. Jirani mmoja aliacha kupanda ngazi pamoja na bibi, akisema uzee unaambukiza, na mwingine alitema mate mlangoni petu. Baraza lilimwita bibi, likamuuliza maswali mpaka miguu ikamvimba, na hatimaye likamrudisha nyumbani kwa kukosa la kumfanya. Lakini kila jioni kulikuwa na watu jikoni kwetu. Walikuja wametazama chini, wanaomba maji ya kunywa, na mwisho wakauliza ilikuwaje mara ya kwanza, na inauma? Bibi aliwasimulia. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa nyuma yake na kitana, anamchana zile mvi polepole, na wote wawili wananicheka kwa kitu ambacho walikataa kuniambia.

Baraza lilibadilisha kanuni moja tu, kwa kulazimika na maswali ya watu: anayetimiza kumi na nane anaweza kuahirisha sindano ya kwanza kwa mwaka mmoja, akitaka. Nadhani hawakutegemea kuna atakayetaka.

Siku yangu ilipofika nilikwenda kliniki asubuhi, na ovaroli mwilini. Muuguzi mpya alikuwa ameshajaza sindano. Alinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, baridi ikanipanda mpaka begani.

"Naahirisha," nikasema.

Aliishusha sindano, akanitazama. Alikuwa na utepe wa bluu na macho mazuri. "Huogopi? Ukianza kuzeeka je?"

"Hata kukua bado sijamaliza, dada. Niulize mwakani."

Akasogeza kiti chake karibu. "Yule bibi yenu," alisema taratibu, akitazama mlango. "Jioni huwa anapatikana?"

"Anapatikana. Ghorofa ya tatu, mlango wa bluu. Njoo na maswali, yeye anayapenda."

Nje, treni ya asubuhi ilikuwa inaingia, ndefu, makontena ya rangi zote, na upepo ulikuwa umetulia. Nikashusha mkono wa ovaroli na kuanza kukimbia.